Ushuru Uliosamehewa Hulipwa na Nani?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Naandika kutoka hapa Eldoret, nyumbani kwa wanariadha, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024.

Makala haya yalizaliwa siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, katika mjadala wa Chama cha Kiswahili. Hoja ilikuwa hii: "Serikali iwasamehe kodi wafanyabiashara wanaoajiri vijana." Mimi niliwekwa upande wa kuunga mkono. Mjadala wenyewe ulianza kwa kicheko, kwa maana msemaji wa kwanza wa upinzani alisimama akanguruma kwamba si haki kumsamehe mtu kodi, kwani mwenye nyumba naye ana watoto wa kulisha. Maskini, alidhani tunazungumzia kodi ya nyumba! Mwalimu mlezi alicheka hadi akavua miwani, kisha akamweleza. Hata hivyo kosa hilo lilinifunza jambo, na nitalirudia hivi punde.

Nilizungumza dakika tano. Nilisema vijana wanasota mitaani, nikasema mwenye kiwanda akipunguziwa mzigo atafungua lango, nikamalizia kwa methali ya mkono mtupu haulambwi. Kura zikapigwa, tukashinda. Nilifika nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, nikamsimulia kaka yangu.

Kaka yangu ana stashahada ya ufundi wa umeme. Karo yake ililipwa na mama kwa sukuma wiki, nyanya na vitunguu anavyouza sokoni, pamoja na mkopo wa chama chake cha akina mama. Alipohitimu, kampuni moja ilimchukua pamoja na wenzake kama wanagenzi, yaani watu wanaojifunza kazi kazini. Alifurahi, sisi sote tulifurahi. Mama alimnunulia viatu vizito vya ngozi. Mwezi wa saba kaka akaambiwa muda umekwisha, asante, arudishe ovaroli. Jumatatu iliyofuata alipita pale langoni akaona kundi jipya limevaa ovaroli zile zile.

Aliponisikiliza hadi mwisho aliniuliza swali moja tu: "Sasa wewe mshindi, mimi pale nilikuwa nimepewa kazi, ama nilikuwa nimepewa zamu?"

Sikuwa na jibu. Sijui kama kampuni hiyo ilipata unafuu wowote wa ushuru kwa ajili yake, na yeye pia hajui. Lakini swali lake lilinikosesha usingizi. Niliingia maktaba, nikamwuliza mwalimu wetu wa somo la Biashara, nikasoma magazeti ya zamani na sheria zenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyapanga kama somo ili nawe ukikutana na hoja hii usishinde kwa methali peke yake kama mimi.

TUANZE NA MANENO

Hapa Kenya neno "kodi" lina kazi mbili. Mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba, na raia hulipa kodi kwa serikali. Ndiyo sababu watu wengi mitaani husema "ushuru" wakimaanisha ile ya serikali. Nami katika makala haya nitasema ushuru, ili mwenzetu yule asipande tena jukwaani kuwatetea wenye nyumba.

Ushuru tunaoujadili ni ule wa faida. Kampuni ikiuza mali, ikatoa gharama zake zote, kile kinachobaki huitwa faida. Katika sheria ya Kenya kiwango cha kawaida kwa kampuni ya hapa nchini ni asilimia 30 ya faida hiyo. Serikali ikitaka kampuni ifanye jambo fulani, kwa mfano kuajiri watu, inaweza kuivuta kwa njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni likizo ya ushuru. Kampuni huambiwa isilipe ushuru wa faida kwa miaka kadhaa.

Ya pili ni makato katika mapato. Kampuni huruhusiwa kutoa kiasi fulani kwenye faida kabla ya ushuru kupigiwa hesabu.

Ya tatu ni punguzo la ushuru wenyewe. Hesabu hupigwa kwanza, ushuru ukajulikana, ndipo kiasi fulani kikaondolewa.

Watu wengi huchanganya hii ya pili na ya tatu, hata watu wazima. Hebu tuchukue chaki.

HESABU YA UBAONI

Tuseme kuna kampuni ya kubuni ambayo mwaka huu imepata faida ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa asilimia 30 ni shilingi 300,000.

Ikipewa makato ya shilingi 100,000 katika mapato, inabaki na faida ya shilingi 900,000 ya kutozwa. Asilimia 30 yake ni 270,000. Kampuni imeokoa shilingi 30,000.

Ikipewa punguzo la shilingi 100,000 katika ushuru wenyewe, italipa 300,000 kutoa 100,000, yaani 200,000. Imeokoa shilingi 100,000 kamili.

Ikipewa likizo ya ushuru, hailipi kitu. Imeokoa shilingi 300,000, hata kama haikuongeza mfanyakazi hata mmoja.

Sasa tazama jambo ambalo mimi nililiona mara ya tatu nilipolirudia. Je, kampuni ambayo haikupata faida? Ushuru wake wa faida ni sufuri. Likizo haiipi chochote mwaka huo, kwa sababu huwezi kumsamehe mtu deni asilokuwa nalo. Kwa hiyo likizo ya ushuru humfaa zaidi yule ambaye tayari anapata faida nono. Yule fundi mdogo anayeanza, ambaye faida yake ni kiduchu, ananusa tu harufu ya pilau.

KUTOKA ATHI RIVER HADI ELDORET

Kenya ilianza jambo hili kwa nguvu mwaka 1990, Bunge lilipopitisha sheria ya maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, ambayo kila mtu huyaita EPZ. Lile linalojulikana sana liko Athi River. Kampuni iliyoingia humo ilipewa likizo ya miaka 10 bila ushuru wa faida, na katika miaka 10 iliyofuata ikatozwa asilimia 25. Pia ilisamehewa ushuru wa forodha kwa mashine na malighafi. Lakini mfanyakazi wake, yule anayeshona vifungo, hakuwa na likizo. Mshahara wake ukifika kiwango cha kutozwa, ulikatwa ushuru kama wa mtu mwingine yeyote.

Je, kazi zilipatikana? Ndiyo, na tuseme kweli bila chuki. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyofungulia nguo za Afrika soko lake bila ushuru wa forodha, na viwanda vya nguo vikaongezeka haraka. Kufikia 2003 maeneo ya EPZ yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, wengi wao wanawake. Hao ni watu walionunua unga na kulipa karo. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2003 wafanyakazi wa EPZ waligoma wakilalamikia mishahara na hali ya kazi. Na tarehe 1 Januari 2005 utaratibu wa dunia wa kugawana soko la nguo kwa viwango ulipokwisha, ushindani kutoka Asia ukazidi na baadhi ya viwanda vikafunga. Kwa hiyo tujifunze hapa: likizo ya ushuru ilisaidia kuvileta viwanda, lakini soko nalo lilivuta, tena pengine kwa nguvu zaidi. Soko lilipoyumba, likizo peke yake haikuweza kuvishikilia vyote.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Eldoret tunakijua kiwanda cha Rivatex, kilichojengwa katika miaka ya 1970 kusokota uzi na kufuma vitambaa kwa pamba. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vingi vya nguo nchini vikaanguka, na Rivatex pia ikalemewa na kusimama. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua. Baadaye kikawekewa mashine mpya kwa mkopo kutoka India, na mwezi wa Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya. Angalia vizuri: kilichokifufua ni mnunuzi, mkopo na mashine. Ushuru ni kamba moja tu kati ya kamba nyingi zinazoshikilia kiwanda.

Nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Kogo, aliwahi kuuza chai na mandazi nje ya kiwanda kimoja cha nguo zamani hizo. Nilipomwuliza kuhusu enzi hizo alisema, "Mjukuu wangu, siku ya mshahara hata sufuria yangu ilijua. Watu walikunywa vikombe viwili viwili. Lango lilipofungwa nilibeba sufuria ikiwa imejaa." Ndiyo kusema kazi moja ya kiwandani hulisha na wengine nje ya lango. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya wale wanaotaka unafuu wa ushuru, nami siipuuzi.

Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine, ya maeneo maalum ya kiuchumi. Kampuni ndani ya eneo kama hilo iliwekewa ushuru wa faida wa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Mwezi wa Julai 2017 eneo la namna hiyo, Pearl River, lilizinduliwa karibu na hapa kwetu na William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo. Kwa hiyo msidhani mambo haya ni ya Athi River pekee. Yametukalia mlangoni.

KIFUNGU CHA 39B

Hadi hapo nilikuwa nimesoma juu ya unafuu unaofuata mahali, yaani ukiwa ndani ya ua fulani unapata. Ndipo mwalimu wa Biashara akanionyesha kifungu cha 39B cha Sheria ya Ushuru wa Mapato. Msomaji, nilipigwa na butwaa, kwa sababu kifungu hicho kilikuwa kinazungumza juu ya watu kama kaka yangu.

Kiliingizwa mwaka 2015, na kanuni zake zikatolewa 2016. Kinasema hivi kwa ufupi: mwajiri anayechukua angalau wahitimu 10 wa chuo kikuu kama wanagenzi, kwa muda wa miezi 6 hadi 12, anastahili unafuu wa ushuru mwaka unaofuata. Kipimo cha unafuu huo ni nusu ya mishahara aliyowalipa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikawaongeza wahitimu wa vyuo vya ufundi. Hapo kaka yangu naye akaingia kwenye hesabu.

Uzuri wa kifungu hiki ni kwamba hakifuati ua wala jengo. Kinafuata mtu na mshahara wake. Mwajiri anaajiri kwanza, analipa kwanza, kisha unafuu unakuja mwaka unaofuata. Asiyeajiri hapati. Huo ni utaratibu wa busara, kama mama anavyosema, "Osha vyombo kwanza, ndipo uombe nauli."

Lakini kina mapengo mawili, na nitayataja bila kuogopa.

Pengo la kwanza ni ile namba 10. Mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea milango na madirisha. Ana wafanyakazi 4. Nilipomsomea kifungu hicho alizima mashine, akaniambia, "Mimi nikichukua mmoja, ni mmoja kwelikweli. Nitamfundisha mpaka ajue. Huyo wa kumi nitamweka wapi, juu ya paa?" Na ukitembea hapa Eldoret utaona kwamba jua kali ni karakana za watu wawili, watatu, watano. Hizo ndizo zinazofundisha vijana wengi, na sheria haikuzifikia.

Pengo la pili ni miezi. Sheria inahesabu miezi 6 hadi 12. Mwezi wa 13 haina la kusema. Mwajiri mwenye nia njema atambakisha kijana aliyemfundisha. Mwenye nia nyingine anaweza kumwaga kundi hili na kuchota jingine. Hapo ndipo swali la kaka linapochoma: ni kazi au ni zamu? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa kijana anapewa jembe siku ya kwanza, na shamba likianza kuota anafukuzwa.

Kuna na jambo la tatu, ambalo ni gumu kuliona kwa macho. Tuchukue chaki tena. Tuseme kampuni ya kubuni imechukua wanagenzi 10, kila mmoja analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa miezi 12. Jumla ni shilingi 2,400,000. Nusu yake ni 1,200,000. Tuseme, kwa mfano tu, serikali inaacha kuchukua kiasi hicho chote. Ukigawa kwa 10 utasema kila kazi imegharimu 120,000, bei nafuu. Lakini je, kama kampuni ilikuwa tayari imepanga kuchukua watu 8 hata bila unafuu? Basi kazi mpya ni 2 tu, na kila moja imegharimu shilingi 600,000. Wale 8 wamelipiwa bure. Mjadala wetu wa Ijumaa haukugusa jambo hili hata kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji mkuu!

WENZETU WALIVYOFANYA

Nilitaka kujua kama mapengo haya yamewahi kuzibwa mahali pengine. Yamejaribiwa.

Afrika Kusini ilianza unafuu wake tarehe 1 Januari 2014, kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 wenye mishahara ya chini. Mwajiri hukata unafuu huo katika ule ushuru wa mishahara anaoupeleka serikalini kila mwezi. Kwa hiyo hangoji mwaka mzima na hahitaji kuwa na faida. Hakuna sharti la watu 10. Na sheria inamtoza faini mwajiri anayemfuta mfanyakazi wa zamani ili amweke kijana mwenye unafuu: randi 30,000 kwa kila mmoja aliyefukuzwa hivyo. Nilipoisoma hiyo faini nilisema, naam, hapa kuna mtu aliyefikiria juu ya lango na ovaroli.

Marekani nayo, mwaka 1977 na 1978, ilitoa punguzo kwa kampuni zilizoongeza wafanyakazi. Ili kuzuia kulipia wale ambao wangeajiriwa hata hivyo, ilipima nyongeza. Kampuni ilipaswa kwanza kuwa na hesabu ya ajira iliyozidi asilimia 102 ya mwaka uliotangulia, ndipo ipate kitu. Akili nzuri. Ila waajiri wengi hawakujua hata kama sheria hiyo ipo. Unafuu usiojulikana ni kama kengele isiyo na ulimi: haimwamshi mtu.

Mfano wa mwisho ni wa jimbo la Wisconsin, huko huko Marekani. Mwaka 2017 jimbo hilo liliahidi kampuni ya Foxconn unafuu wa karibu dola bilioni 3, na kampuni ikaahidi kazi hadi 13,000. Mwaka 2018 haikufikisha idadi ya chini ya ajira, kwa hiyo haikupata punguzo la mwaka huo. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: unafuu wa hadi dola milioni 80 kwa kazi 1,454. Kwa kuwa punguzo lilifungwa kwenye kazi zenyewe, hazina ya jimbo iliponea hapo. Lakini serikali za mtaa zilikuwa tayari zimenunua ardhi na kujenga barabara kwa ajili ya kiwanda hicho, na fedha hizo hazikuwa na kamba ya kuzivuta zirudi.

NANI ANASHIKA DAFTARI?

Sasa tujibu swali la kichwa cha makala. Ushuru uliosamehewa hulipwa na nani?

Mama yangu hana kampuni. Lakini akinunua sabuni analipa VAT ya asilimia 16. Sabuni ambayo bila ushuru ingekuwa shilingi 100, yeye anatoa 116. Hakuna aliyewahi kumpa likizo. Serikali ikiacha kuchukua milioni kadhaa kwa mwenye kiwanda, mahitaji ya hospitali na madarasa hayapungui. Pengo hilo litazibwa na mikono mingine, au kwa mkopo ambao sisi watoto wa leo tutakuja kuulipa, au halitazibwa na dawati litabaki bovu. Msamaha ni malipo, ila hayapiti mkononi kwa hiyo hatuyaoni.

Mwaka 2012 mashirika ya ActionAid na Tax Justice Network Africa yalikadiria kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza karibu shilingi bilioni 100 kwa mwaka kwa unafuu wa ushuru wa kila aina. Hayo ni makadirio, na wapo wanaoyapinga. Lakini hata ukiyagawa kwa mbili bado ni fedha za kutisha.

Habari njema ni kwamba Katiba yetu ya 2010 haikulala. Kifungu cha 210 kinasema sheria ikiruhusu msamaha wa ushuru, lazima kila msamaha uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na tangu 2021 Hazina ya Taifa imekuwa ikichapisha ripoti ya ushuru ambao serikali imeacha kuchukua. Kwa hiyo daftari lipo. Linalosalia ni wasomaji, nasi wanafunzi tunajua kusoma.

MSIMAMO WANGU

Msomaji, sijahama upande. Bado naamini mwajiri anayefungulia vijana lango anastahili kusaidiwa. Vijana wa mtaani kwetu hawawezi kula takwimu. Lakini kama mjadala ule ungerudiwa kesho, ningeunga mkono kwa masharti, na kabla ya kupiga kura ningeuliza maswali haya matatu:

1. Je, unafuu unafuata kazi au unafuata jengo? Ukifuata kazi, asiyeajiri hapati.

2. Je, kazi hiyo ni nyongeza, na itadumu baada ya unafuu kwisha? Ningependa sehemu ya unafuu itolewe tu mwanagenzi akiandikwa kazi ya kudumu.

3. Je, karakana ya watu wanne inaweza kuupata? Namba 10 ishushwe, ili mjomba naye apate sababu ya kumchukua kijana mmoja.

Nilimpelekea kaka maswali haya. Siku hizi anapata vibarua vya kuweka stima majumbani, leo Langas, kesho Kapseret, na viatu vyake vya ngozi vimeshapasuka kisigino. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akairudisha. Akasema, "Hilo la pili liandike kwa wino mweusi." Nimeliandika.

ZOEZI

Jaribu maswali haya na mwenzako. Majibu utayapata ndani ya makala ukisoma kwa makini.

(a) Eleza tofauti kati ya makato katika mapato na punguzo la ushuru wenyewe. Tumia faida ya shilingi 2,000,000 na kiasi cha shilingi 200,000.

(b) Kwa nini likizo ya ushuru haimsaidii sana mwenye biashara ambayo haijaanza kupata faida?

(c) Andika maana ya maneno haya, kisha tunga sentensi kwa kila moja: mwanagenzi, hazina, unafuu, stashahada, malighafi.

(d) Insha: "Kazi au zamu?" Andika maneno yasiyopungua 300 ukimjibu kaka yangu. Insha iliyo bora mletee mwalimu mlezi wa chama.

Naiweka kalamu chini hapa. Mwenye hoja tofauti na aje Ijumaa saa tisa, viti vipo. Ila mimi safari hii nitakuja na chaki.